Mimba Aliyoitangaza Mwamvita

Amisa aliuegemeza mchi kwenye ukingo wa kinu, akakaa chini vumbini bila kutandika kitu. Mpunga ulikuwa haujamenyeka hata nusu. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyefukuzwa na mbwa.

"Umechoka tena?" akauliza wifi yake, Sifa, aliyekuwa akipepeta upande wa pili wa uwanja. "Dada, kinu kinakungoja weye. Ao tukiite kije kikubembeleze?"

"Ninapumzika kidogo tu."

"Jana ulipumzika kisimani. Juzi ulipumzika shambani mpaka monitere wa kukagua mashamba akakuuliza mbele ya watu kama umekuja kulima ao kulala. Leo ni zamu ya kinu."

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo zao walicheka. Amisa naye akacheka, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukasirika. Akashika mchi, akasimama, dunia ikamzunguka, akashika kinu.

Mwamvita, mama mkwe wake, alikuwa barazani akichambua sombe, majani ya muhogo. Aliona yote, akaendelea kuchambua. Hakuwa mwanamke wa kelele. Lakini moyoni alikuwa amechoka na uchovu wa mkaza mwanawe. Siku zile Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na mpunga na pamba vililimwa kwa amri. Hata familia za Waislamu wa Kasongo mjini zilikuwa na vipande vyao vya shamba vinavyokaguliwa, na mkono mmoja ukilegea, mikono mingine ndiyo hulipa. Mwamvita alikumbuka jinsi Amisa alivyoletwa kutoka Kabambare, msichana mwenye mabega, anayetwanga huku anaimba na akimaliza mpunga wa nyumbani anakwenda kumsaidia jirani. Miaka sita ya ndoa, na sasa hawezi kumaliza kinu kimoja. Na mtoto hakuna.

Hilo la mtoto hakulisema yeye. Lilisemwa na shemeji yake, Mzee Musafiri, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kila Ijumaa akitoka msikitini alipitia pale kunywa chai na kuulizia tumbo la Amisa kama mtu anayeulizia mzigo uliochelewa kufika. Wiki mbili nyuma alikuwa amekwenda mpaka Nyangwe kumtazama msichana mmoja. "Alimasi aongeze muke," alisema. "Huyu abaki, hatumfukuzi. Lakini nyumba inataka watoto." Alimasi, mwana wa Mwamvita, mshonaji wa cherehani mwenye maneno machache, aliinamisha kichwa tu. Amisa alikuwa nyuma ya pazia na sinia ya vikombe. Alivileta hivyohivyo, akapiga goti, akamkaribisha mzee sukari.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne baada ya hapo. Mwamvita alizunguka nyuma ya jiko kutafuta kuni kavu, akamkuta Amisa ameuelekea ukuta wa udongo, anaukwangua kwa kucha na kula. Kwenye ncha ya kikwembe chake alikuwa amefunga bonge la pemba, ule udongo mweupe wa kula unaouzwa sokoni kwa mafungu. Alipomwona mama mkwe alificha mkono nyuma kama mtoto aliyeiba.

"Toka lini?" akauliza Mwamvita.

"Zamani kidogo, Mama. Nikisikia harufu ya udongo wenye maji siwezi kujizuia."

"Na kichwa kinazunguka?"

"Asubuhi nikiinuka."

"Na miguu?"

Amisa akautazama mguu wake. "Jioni inajaa. Viatu haviingii."

Mwamvita akaweka mikono miwili kichwani. Yeye mwenyewe alikula pemba katika mimba zake zote nne. Katika mtaa ule, nani alikula pemba kama si mwenye mimba?

"Mama, mimi sijui kama ni..."

"Nyamaza! Usilitaje." Mwamvita alimziba mdomo kwa kiganja, kwa upole, machozi yakimlengalenga. "Ya kwanza haitajwi na mwenye nayo. Mama mukwe ndiye anayetangaza. Hukufundishwa kwenu Kabambare?"

Desturi ilikuwa hivyo kweli. Mwanamke anayeitaja mimba yake ya kwanza kwa mdomo wake huhesabiwa kuwa anaichezea. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza Amisa swali lolote tena, naye hakuwa na mlango wa kupitishia jibu. Jioni ile Mwamvita alijitanda ushungi mpya akaenda nyumba kwa nyumba. Alianzia kwa Mama Zuberi, aliyekuwa na wajukuu tisa na ambaye hakuacha kuwahesabu mbele ya wageni. Mama Zuberi alipiga vigelegele mpaka kuku wake wakatawanyika.

Mzee Musafiri alipopata habari aliikuna shingo. "Basi. Kule Nyangwe nilikuwa nimekwenda kwa samaki."

*

Nyumba nzima ikawa njema. Sifa alitwanga peke yake bila neno, na siku moja alimkalisha wifi yake kivulini akamsuka nywele polepole, akasema, "Nilikutesa kwa maneno, dada. Kumbe mlikuwa wawili." Alimasi alileta pemba kutoka sokoni kila wiki, imefungwa kwa jani la mgomba, akaiweka karibu na mto wa mkewe. Mwamvita alimwondolea kila chakula kinachokatazwa. Mayai, mtoto asizaliwe bila nywele. Maini, mtoto asiwe na madoa. Samaki asiye na magamba, mtoto asiwe na mate. Alimpa wali na mafuta ya mawese, na kikombe cha chai nzito baada ya kila chakula, akamtazama anavyokula, akafurahi.

Wote walimpenda, na kila mmoja kwa mkono wake alikuwa anamsukuma kuelekea shimoni. Hakuna aliyejua isipokuwa Amisa, na yeye hakujua vizuri. Alijua tu kwamba siku zake hazikuwa zimekatika. Zilikuwa zimeongezeka. Zilikuja kwa wingi, na mabonge, zikakaa, zikapungua kidogo, zikarudi kabla hajamaliza kukausha vitambaa. Alivifua kabla watu hawajaamka, akavianika chini ya vikwembe vizee nyuma ya banda la mbuzi. Mumewe alipomsogelea alimgeuzia mgongo, naye Alimasi akadhani ndivyo mimba zilivyo.

Ramadhani ikaingia. Kutofunga kwake hakukumshangaza mtu, mwenye mimba ana ruhusa. Lakini kuacha kuswali hakuna ruhusa kwa sababu ya mimba. Ruhusa ile ni ya mwanamke aliye katika damu, na Amisa hakuweza kuidai bila kuiangusha nyumba nzima. Kwa hiyo alisimama mkekani pamoja na Mwamvita na Sifa. Alipiga magoti walipopiga, akainama walipoinama, midomo imefungwa, hasemi neno hata moja la sala, akimwomba Mungu asimhesabie kuwa anaswali. Kila alipoinuka alishika ukuta.

"Mtoto anamlemea," Mwamvita aliwaambia majirani. "Na tumbo bado dogo. Atakuwa wa kiume."

*

Siku ya mwisho ya mfungo, baada ya alasiri, walipaka hina. Bakuli lilikuwa moja, Mwamvita mwenyewe ndiye aliyeiponda hina kwa ndimu. Wanawake na wasichana wa jirani walijaa chumbani, wamekaa chini kwa mduara, mikono imefungwa majani, wanasengenya watu wasiokuwepo na kungoja jua lizame. Hina ilipokauka, wakaanza kuoshana.

"Lo! Tazameni ya Amisa!" akasema msichana mmoja. "Imemshika kuliko sisi wote."

Kweli, viganja vya Amisa viling'aa rangi ya matofali mapya. Hina za wengine zilikuwa zimekaa nzito, zimetulia.

"Bwana yake anampenda sana," akasema mwingine, wakacheka.

Mwamvita hakucheka. Hina ilikuwa moja, maji yalikuwa mamoja. Aliuchukua mkono wa Sifa, akauchukua na wa Amisa, akaviweka viganja sambamba karibu na mlango. Akabonyeza kiganja cha Sifa kwa dole gumba, akaachia. Rangi ikarudi upesi kutoka ndani. Akabonyeza cha Amisa. Hakuna kilichorudi. Pembeni mwa hina, ngozi ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo, na ndani ya kucha vilevile. Hina ilikuwa inang'aa kwa sababu chini yake hakukuwa na kitu.

"Inua uso," akasema. Amisa akainua. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Mwamvita alijiuliza amekuwa akimtazama nani siku zote zile alipokuwa akimtazama anakula.

Ndipo Amisa alipotaka kuinuka, akasita, akajirudisha chini haraka, macho yamemtoka. Alikivuta kikwembe chini ya mapaja. Mwamvita aliona ncha ya mkeka tu, lakini iliyokuwa pale ilimtosha.

"Tokeni," akawaambia wengine. "Nendeni nje mkatazame kama mwezi umeonekana."

"Mama, jua ndiyo kwanza linazama..."

"Tangulieni. Anayeuona wa kwanza nitampa kitu."

Wakatoka kwa kusukumana. Mwamvita akashusha pazia, akakaa chini karibu na Amisa, karibu sana, mpaka magoti yakagusana.

"Hiyo damu ni ya leo?"

Amisa akatikisa kichwa.

"Ya lini?"

"Haijakatika, Mama. Tangu kabla ya mvua. Inapungua, inarudi."

"Na mimba?"

"Haiko." Alilia bila sauti, machozi tu. "Sikusema iko. Sikusema hata siku moja. Ulinifunga mdomo, na wakati nilipotaka kusema Baba mudogo alikuwa ameshaacha habari ya Nyangwe. Nikaona nikisema atarudi kule. Na mkekani, Mama, mkekani sikuswali. Nilisimama tu. Mungu anajua sikuswali."

Nje wasichana walipiga kelele, "Ule! Ule pale!" na mtaa mzima ukaitikia. Mwamvita alichukua maji yaliyobaki ya kunawia hina, akachovya ncha ya kikwembe chake mwenyewe, akampangusa mkaza mwanawe miguu, kwanza mmoja, kisha mwingine. Miguu ilikuwa baridi. Alipobonyeza karibu na kifundo, shimo la kidole lilibaki.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna mutu."

"Sasa tuko wawili," akasema Mwamvita. "Kesho tunaenda hospitali."

"Kesho ni Idi."

"Itapita. Iko Idi nyingine."

*

Asubuhi watu walikuwa wanateremka kwenda kuswali, kanzu nyeupe tupu, na wao walikuwa wanapanda. Alimasi, katika kanzu yake mpya aliyoishona mwenyewe, alisukuma baiskeli, Amisa ameketi nyuma, Mwamvita anamshikilia mgongoni. Kila waliyepishana naye alisema, "Idi njema! Inakuwaje, mimba inasumbua?" Mwamvita alijibu, "Idi njema," na hapo akaishia.

Alimasi alikuwa ameambiwa alfajiri. Njiani, bila kugeuka, akasema, "Mimi ndiye nilikuwa nakuletea pemba."

"Ulinipendea," Amisa akajibu.

Hospitalini wanawake walikuwa wamejaa benchi, wengi kutoka vijijini, wengine kutoka Lusangi kwa miguu. Mwuguzi, Marcellin, mtu mfupi mwenye koti safi, alipita akiuliza kwa sauti ya kuzoea kelele.

"Huyu? Mimba ya miezi mingapi?"

Benchi lote likageuka. Wa pili kutoka mwisho alikuwa binti wa Mama Zuberi, na mtoto mgongoni. Amisa akainamisha uso. Mwamvita alihisi aibu ikimpanda kama homa, kutoka tumboni mpaka masikioni. Akasimama.

"Hana mimba," akasema. "Mimi nilisema iko. Nilikosea. Anatoka damu, na haisimami."

Marcellin alimtazama, sauti yake ikashuka. Akamwambia kijana mmoja aliyekaa kwenye kiti chenye mikono ainuke, akamweka Amisa hapo, akajisogeza ili mgongo wake umfiche asionekane na watu. Mwamvita aliliona hilo, na hakulisahau. Marcellin akaliteremsha kope la chini la jicho la Amisa kwa kidole.

"Njoo utazame, Mama. Hapa ndani panapaswa kuwa pekundu kama ndani ya mdomo wa mtoto. Unaona?"

Palikuwa peupe, rangi ya karatasi.

"Ukipanda mlima moyo unapiga mbio? Unausikia masikioni ukilala?" Amisa akaitikia. "Na udongo unakula?"

"Sana."

"Ni mwili unatafuta damu iliyopotea, unatafuta mahali ambapo haiko. Wengi wenye mimba wanakula kwa sababu hiyohiyo, damu imewapungukia. Lakini si kila anayekula ana mimba. Na huo udongo unazuia hata chakula kisimsaidie. Amekuwa akila nini?"

Mwamvita akaanza kuhesabu alivyomkataza. Alipofika kwenye maini, akamgeukia Amisa.

"Alinipa kilicho kizuri," Amisa akamwambia mwuguzi. "Alinipa fungu lake."

Daktari, Mzungu mwenye haraka, alimpima nyuma ya pazia pamoja na mtawa mmoja, akatoka akisema kwa Kiswahili chake cha kuamuru, "Kwa nini munaleta mutu wakati wa kufa tu?" Hakungoja jibu. Kulikuwa na uvimbe ndani ya kizazi, akasema, na damu iliyobaki ni kidogo. Dawa za kuisimamisha damu, kisha vidonge vya chuma vya kuiongeza, kisha nguvu zikirudi atafikiriwa kupasuliwa. Leo lazima apewe damu ya mtu. Nani atatoa?

Alimasi alipimwa, haikulingana. Mwamvita alipimwa, nayo haikulingana. Wakati huo Mzee Musafiri akaingia, fimbo mkononi, anatoa jasho. Habari za kwenye benchi zilikuwa zimeshamfikia uwanja wa sala.

"Mwamvita! Ni kweli ninayosikia? Mimba ya maneno? Nimekuja kusema neno moja tu..."

"Mzee," Marcellin akamkatiza, "weye ni wa ukoo? Hauogopi sindano?"

"Mimi?" Mzee Musafiri akajinyoosha. Watu walikuwa wanamtazama. "Niogope sindano? Mimi nilibeba mizigo ya vita."

"Basi kaa hapa."

Wakamtoboa kidole, wakachanganya kwenye kioo, ikalingana. Kabla hajapata mahali pa kuweka fimbo yake alikuwa amelala juu ya kitanda, mkono umefungwa mpira, anautazama mrija na macho yamekuwa makubwa kama ya mbuzi. Kwenye kitanda cha pili alikuwa Amisa. Neno moja alilokuja nalo halikusemwa. Alipoona damu yake mwenyewe inakwenda kule, alifunga macho, akanong'ona dua, na Mwamvita alisikia jina la Amisa ndani ya dua ile.

"Nilitoka kwenye sala kuja kusema," alimwambia Mwamvita baadaye, amekaa ukutani anakunywa chai yenye sukari nyingi aliyopewa na mtawa. "Tazama sasa. Nitakwenda Nyangwe kusema nini? Nusu ya yule ni mimi."

"Nusu ni nyingi, shemeji."

"Robo, basi."

"Na kuhusu mtoto?" Alimasi akamuuliza daktari aliyekuwa anapita.

"Sijui," daktari akajibu. Kisha akasimama. "Kwanza muke. Mutoto, tutaona." Alimasi akashukuru kana kwamba amepewa kitu.

*

Amisa alikaa hospitalini. Sifa alimpelekea maini, na sombe zilizopikwa pamoja na samaki, akakaa naye mpaka amalize. Damu ilipungua, ikasimama. Midomo ilianza kupata rangi. Uvimbe ulikuwa bado mle ndani, unangoja siku yake, na hakuna aliyejidanganya kwamba umekwisha.

Mwamvita naye alikuwa na kazi yake. Alijitanda ushungi uleule, akapita nyumba kwa nyumba, akichukua tena habari aliyoipeleka. Kila mlango alisema maneno yaleyale. "Mimba haikuwako. Amisa hakusema iko, mimi ndiye nilisema. Alikuwa mgonjwa na sikumwona. Ukitaka kucheka, nicheke mimi." Wengine walimpa pole, wengine walimpa kiti. Wengine walikohoa na kuingia jikoni, ambako vicheko vilisikika vizuri.

Alimweka Mama Zuberi mwisho. Mama Zuberi alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho mikono imefungwa kifuani.

"Nilipiga vigelegele hapa uwanjani," akasema. "Watu wote walinisikia. Vigelegele vyangu navyo unavirudisha?"

"Ningeweza ningevirudisha."

"Mutu mzima, mama wa wane, hajui mimba na ugonjwa!"

"Sikujua. Nilijua pemba, nilijua miguu kuvimba. Sikuuliza damu. Kuchoka kwake nilikuita uvivu, halafu nikakuita mimba. Jina lake hasa sikuliuliza."

Mwamvita akaaga, akatoka barazani, akavaa viatu vyake. Alikuwa ameshashuka ngazi alipoitwa, si kwa sauti ile ya kuhesabu wajukuu.

"Mwamvita."

Akageuka. Mama Zuberi alikuwa amesimama nusu ndani ya mlango, ameshika fremu kwa mkono mmoja. Alitazama barabarani kushoto na kulia.

"Mwanamke wa umri wangu," akasema polepole, "aliyekwisha maliza mambo hayo miaka mingi. Damu ikirudi... inakuwa nini?"

Mwamvita akavua tena viatu vyake, akapanda ngazi, akaingia ndani.